Sekretere wa Kurasa Zilizofungwa

Vita ya kwanza ilipofika mji wetu wa Baraka, ukingoni mwa ziwa, shefu wa kartie yetu, yaani mkuu wa mtaa, alipanda mtumbwi na muhuri mkononi, akaacha nyuma meza moja, kiti kimoja na sekretere, karani wake. Wenye akili wakamwambia sekretere kwamba kazi yake imekwisha, maana sekretere asiye na shefu ni mtu tu kama wewe na mimi. Yeye akajibu kuwa, kusema kweli, shefu alikuwa anamchelewesha. Akaitoa meza nje, akaipeleka karibu na kivuko cha mitumbwi, akaketi.

Jina la nyumbani alikuwa nalo na ninalijua. Silitaji kwa sababu mwenyewe hakulipenda. Alisema lina wenyewe wengi mno na halimsaidii mtu yeyote kumtafuta. Baraka nzima tulimwita Sekretere, na mkewe pia alimwita hivyo, akikasirika na asipokasirika.

Kazi aliyojipa ilikuwa kuandika watu. Walioshuka kutoka milima ya Fizi na vitanda vichwani, waliotoka Lweba na Swima, waliokuwa wakipanda mitumbwi kwenda Ubwari au ng'ambo ya ziwa kabisa, wote aliwauliza jina, walikotoka, wanakokwenda na walio nao, ili mwenye kurudi akakuta nyumba tupu apate mahali pa kuuliza. Hakuna aliyemtuma. Hakuna aliyemlipa pia, jambo ambalo mkewe alilisema mara kwa mara huku akikanda unga wa mandazi, kwa sauti iliyofika mpaka majini.

Mimi ni mmoja wa waliokuta nyumba tupu. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na vita ya pili ilinikuta Uvira, nilikokwenda kusahihisha mitihani. Nilirudi kwa miguu baada ya majuma mengi. Mlango wa mama yangu, kule Lweba, ulikuwa umefungwa kwa kamba na ndani hakukuwa na hata sufuria. Baba alikuwa amekufa zamani, na mimi ni mtoto pekee, kwa hiyo hapakuwa na mwingine wa kumtafuta mama ila mimi, wala mwingine wa kunitafuta mimi ila yeye. Majirani nao walikuwa wametawanyika. Nikaenda kwa Sekretere nikiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

Alinikalisha, akaniandika kwanza mimi, kisha ndipo akafungua daftari na kunisomea mstari mmoja. Mama Neema, wa Lweba, anakwenda ng'ambo kupitia Ubwari, pamoja na majirani wawili. Mwisho wa mstari kulikuwa na safu aliyoiita Alama, na hapo alikuwa ameandika: anasema sana, kuku wawili, hataki kuachana nao.

Nililia, nikacheka, nikalia tena. Neema ni mimi. Lakini Mama Neema ni wengi katika pwani yetu. Watu wetu hupenda kuwapa mabinti jina hilo hasa katika miaka ambayo neema yenyewe haionekani. Katika daftari lile niliwahesabu Mama Neema watano waliovuka mwezi uleule, na wawili kati yao walitoka Lweba. Ni ile Alama tu iliyoniambia yupi ni wangu. Basi kwa miaka iliyofuata mama yangu alikuwa mstari mmoja katika daftari la mtu mwingine, na ningemng'oa meno yeyote ambaye angeugusa.

Sasa nieleze alivyofanya kazi, maana usipolijua hilo hutaelewa kwa nini wote tuligombana naye na kwa nini baadaye tulimpigania.

Mwanzoni alijaribu kuwauliza watu wote upya kila juma. Jumatatu aliwaanza wa kivukoni, na kufika Jumamosi, alipowafikia wa mwisho kule juu, wale wa Jumatatu walikuwa wameshahama. Alikonda. Mwanamke mmoja aliandikwa mara tatu katika juma moja, mahali patatu, akamwambia kwamba kama angekuwa mume wake asingemwona mara nyingi hivyo. Sekretere alilifikiria neno hilo siku mbili, si kwa ajili ya mwanamke, bali kwa ajili ya daftari.

Alipotoka humo alikuwa na utaratibu mpya. Kila mwezi una kurasa zake. Kila Jumatatu anazungukia watu wa mwezi huu na wa mwezi uliopita, basi, kwa kuwa hao ndio bado wanahangaika na kubadili mawazo. Ukurasa ukishatimiza miezi miwili anausoma mara ya mwisho, anaukunja, anaushona ukingoni kwa uzi wa nailoni wa wavuvi, na hutaona tena ndani yake. Mvuvi akileta habari ya kuaminika juu ya mtu aliyemo katika kurasa zilizoshonwa, Sekretere alifumua ukurasa huo mmoja tu, akaongeza neno, akaushona tena. Nyingine zilibaki zimelala. "Bale ba zamani nilisha bauliza," alisema. "Ni bale ba juzi ndio bangali banatembea."

Watu walimwona mkaidi. Kuna bwana mmoja alikuja kuomba ukurasa wake ufumuliwe ili mke aliyeandikwa naye afutwe, kwani sasa alikuwa na mwingine na hakutaka maneno. Sekretere akamuuliza kama siku ile ya kuandikwa alikuwa na yule wa kwanza. Akasema ndiyo. Basi, akasema Sekretere, siku ile imekwisha, hatuwezi kuirudia. Akamwandika upya kwenye ukurasa wa leo pamoja na mke wa leo. Bwana yule akawa na wake wawili katika daftari moja, kurasa mbalimbali. Vita ilipotulia, wake hao wawili walirudi Baraka kwa mtumbwi mmoja, wakiwa marafiki.

Hakuandika jambo ambalo hakuliona kwa macho yake au ambalo halikuwa na mashahidi wawili. Ukimwambia kila mtu anajua, alikuomba umtajie hao kila mtu. Mvuvi mmoja wa Swima alisemekana amezama, na mashahidi wawili wakaapa, akaandikwa amezama. Mwezi huohuo mvuvi akatokea mwenyewe mbele ya meza, mzima, akinuka samaki, akadai arekebishiwe. Sekretere akamtazama vizuri, akakubali kwamba anaonekana kuwa hai, akamtaka alete mashahidi wawili. Mvuvi akamleta kaka yake na mama mkwe wake. Kaka alijibu upesi. Mama mkwe alifikiri kwanza, na watu wa Swima hawajaacha kulizungumza hilo hadi leo.

Mtu huyu aliyejua Lweba nzima imekwenda wapi hakujua miwani yake iko wapi. Watoto wake saba aliwaita kwa namba, wa kwanza mpaka wa saba, na wa nne na wa tano aliwachanganya. Aliandika maelfu ya watu waliovuka ziwa lakini yeye maji aliyaogopa vibaya. Hakuwahi kufika Ubwari, iliyo mbele ya macho yetu kila siku. Meza yake aliiweka mbali na ukingo kiasi kwamba waliokwisha panda mtumbwi walimjibu kwa kupiga kelele, na naamini baadhi ya majina ya ajabu katika daftari lile yaliletwa na upepo.

Alikuwa Mprotestanti na aliimba sauti ya nne katika kwaya, ila siku ya Idi ungemkuta nje ya msikiti na daftari, kwani sikukuu huwakusanya waliotawanyika. Vita yenyewe aliizungumzia kwa nadra. Alisema kosa kubwa la vita ni kufanya watu waondoke bila kuaga. Nilimwambia kuna makosa makubwa zaidi. Akasema huenda, ila hayo si ya idara yake.

Usidhani alizaliwa na hekima ya kuziacha kurasa za zamani zilivyo. Aliipata kwa aibu, na aibu yenyewe ilikuwa na mafuta.

Katika vita ya kwanza daftari lake lilikuwa na safu chache. Pasta wake akamshauri aongeze moja, ya dhehebu, ili kila kanisa na msikiti ujue watu wake wamekwenda wapi. Sekretere aliona ni wazo zuri sana. Akapata daftari jipya, akalipiga mistari, akaanza tangu mwanzo kabisa, mtu mmoja mmoja, akiuliza kila kitu upya na kunakili. Waliokuwapo waliulizwa wanasali wapi. Waliokwisha vuka hakuweza kuwauliza, na mstari usiojaa ulikuwa unamuumiza, basi akawaruka, akajiahidi kuwarudia. Alipomaliza, daftari jipya lilipendeza kuliko yote aliyowahi kuandika. Lilikuwa na watu waliokuwapo Baraka peke yao, yaani wale ambao hakuna aliyekuwa akiwatafuta.

La zamani aliliacha mezani nyumbani. Mkewe, alipoona mume ana daftari jipya, akachukua lile kuukuu akaanza kufungia mandazi.

Aliyegundua ni mama mmoja sokoni ambaye alimaliza andazi lake, akatazama karatasi, akamkuta mumewe mkononi. Kabla ya jua kupanda vizuri, wanawake wa Baraka walikuwa wananunua mandazi wasiyoyataka. Wengine walinunua, wakasoma, wakamrudishia muuzaji andazi na kuomba jingine la ukurasa tofauti. Mke wa Sekretere aliona mandazi yanakwisha mapema kuliko siku yoyote, akaamini kwamba hatimaye mji umetambua upishi wake, akaweka mafuta mengine motoni. Sekretere alipopata habari alizunguka soko zima na beseni, akiomba karatasi kwa watu waliokuwa bado wanatafuna. Alipata kama nusu. Na hizo zilikuwa zimelowa mafuta, maandishi ya upande mmoja yakionekana upande wa pili, hivi kwamba watu wa Swima walionekana wamekimbia wakiwa ndani ya watu wa Lweba.

Wako ambao hawakumsamehe, na siwalaumu. Mandazi yeye hakuyala tena, ingawa yalipikwa nyumbani mwake kila siku. Tangu hapo, ukimwomba aongeze safu, alipiga mstari mpya kuanzia ukurasa wa leo. Za zamani hakuzinakili. Alibandika ukingoni kipande cha karatasi kwa uji wa muhogo, na mbele ya kila jina akaandika "hakuulizwa". Si "hajui", wala "hana". Tofauti ya maneno hayo alikueleza hata kama ulikuwa na haraka. Ile Alama iliyonipa mama yangu iliingia hivyo, safu mpya kuanzia siku moja ya vita ya pili, na nashukuru mama alichelewa kukimbia.

Vita ya pili ilipoanza kuchoka, shirika moja lilifungua bureau, yaani ofisi, Baraka. Lilileta mahema, mablanketi, na Mtaalamu. Huyu alikuwa kijana kutoka Kinshasa, mwenye viatu safi na odinateri, yaani kompyuta, iliyokula mafuta ya jenereta zaidi ya tulivyokula sisi. Kiswahili chake kilitia huruma. Hakuwa mtu mbaya, na ninalisema hilo kwa kuwa wakati ule nilisema vingine.

Odinateri yake ilikuwa na uwezo mmoja tuliouombea miaka: orodha ikiingia humo, inapelekwa kwenye kambi za wakimbizi za ng'ambo, na huko majina yanaitwa. Sekretere alibeba madaftari yake mwenyewe mpaka bureau, akayaweka mezani kwa mikono miwili. Mtaalamu akayapekua na kutikisa kichwa. Mashine ilikuwa na fomu yake. Ilitaka jina, majina mengine, jinsia, umri, kijiji. Umri ulikuwa wa lazima, na mstari usio na umri mashine iliukataa. Alama haikuwa na pa kukaa. Watu wote, wa zamani na wa juzi, waingie upya kwa fomu hiyo moja, kisha madaftari yachomwe moto, kwani majina ya watu yakiangukia mikono mibaya yanaua. Hilo la mwisho tulijua ni kweli, na hakuna aliyebisha.

Sekretere aliuliza swali moja, juu ya waliokwisha vuka. "Bale benye habako, nani atabauliza myaka?"

Mtaalamu alikuwa na dawa. Asiyejulikana umri aandikwe thelathini. Akatoa kwenye mashine ukurasa wa majaribio, wa Swima, ambao Sekretere alikuwa amemtajia majina yake kwa kukumbuka, akampa Sekretere auone. Sekretere akaupeleka sokoni, akapanda juu ya gunia la muhogo, akausoma kwa sauti yake ya kanisani. Watu wote wa Swima walikuwa na miaka thelathini. Bibi mmoja aliyekumbuka mambo ya Wabelgiji alikuwa na thelathini, na kitukuu chake, aliyekuwa ananyonya siku alipoandikwa, alikuwa na thelathini vilevile, sawa na mama aliyemnyonyesha. Soko zima lilicheka mpaka wauza samaki wakaacha kufukuza nzi. Kesho yake Mtaalamu alikuja kwenye meza ya kivukoni na kiti chake mwenyewe, akauliza, kwa sauti ya mtu aliyelala vibaya, wangefanyaje.

Sekretere alimweleza. Wa zamani waingizwe mara moja, jinsi walivyo, kisha wafungwe. Umri uanze na watu wa leo. Na kila Jumatatu zipelekwe bureau kurasa mpya tu, za zamani mashine isiziguse. Mtaalamu akasema mashine haifanyi hivyo. Ukibadili fomu inataka ianze yote tangu mwanzo. Sekretere akasema hata yeye alikuwa hivyo kabla ya mandazi. Walibishana siku mbili. Mwishowe ikakubaliwa kwamba mtu wa zamani aandikwe umri wa sifuri, na bureau yote ijue sifuri maana yake hakuulizwa. Swima yote ikatoka kuwa na miaka thelathini ikawa watoto wachanga. Sekretere hakuipenda sifuri, lakini alisema angalau hakuna mjinga atakayeiamini.

Iliyobaki ni Alama, na hapo alishindwa. Kuongeza safu katika fomu kulihitaji ruhusa ya wakubwa wa mbali, na ruhusa ingechukua miezi, na watu walikuwa wanangoja kuitwa. Sekretere alinijia shuleni, akasimama mlangoni kama mzazi aliyeitwa, akaniambia kwamba watapata jina na kupoteza alama, na kwamba afadhali nusu kuliko bure. Nilimwambia nusu ya Mama Neema ni Mama Neema watano. Nilimwambia pia maneno mengine mbele ya wanafunzi, ambayo ningewaadhibu wao kama wangeyasema. Alisikiliza yote, akaondoka. Sikumsalimia majuma mawili.

Kilichonirudisha ni mwandiko wake. Mtaalamu alifungua madaftari akaona hawezi kusoma hata neno moja, na Sekretere mwenyewe, bila miwani, alisoma kwa kukumbuka. Aliyezoea miandiko mibaya Baraka alikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Nikaitwa bureau. Nikawa nasoma, Mtaalamu anaandika kwa vidole viwili, na Sekretere amekaa nje chini ya dirisha, akifumua na kushona kurasa na kuhakikisha haziibwi.

Siku ya pili tukafika ukurasa wa mama yangu. Nilisoma jina. Mtaalamu akaandika, kisha akauliza, jinsi alivyouliza kwa kila mtu, kama kuna majina mengine. Kwa kila mtu nilikuwa nimejibu hakuna. Nimefundisha watoto miaka mingi kwamba uongo ni dhambi, na nimewachapa wengine kwa ajili hiyo. Nikasema yapo. Nikamwambia aandike: Anasema Sana Kuku Wawili.

Aliandika Anasema. Aliandika Sana. Hapo vidole vikasimama, akaniuliza kama ni jina kweli. Kabla sijajibu, Sekretere aliinuka chini ya dirisha, akaingiza kichwa ndani. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akithibitisha jambo lisilo kweli, si kwa rafiki, wala kwa askari.

"Ni jina," akasema. "Majina yetu iko mirefu. Mi nashuhudia, na Mwalimu anashuhudia. Tuko babili."

Mtaalamu akaandika Kuku Wawili. Tukarudi nyuma kwa wale tuliokwisha waingiza, tukagundua kwamba nao walikuwa na majina mengine niliyokuwa nimeyasahau. Tukaendelea mbele. Watu wa pwani yetu waliingia mashine ile wakiitwa Kovu Shavuni Kushoto, na Mrefu Anainama Mlangoni, na Ana Deni la Jembe. Naamini Mtaalamu alitambua siku ya tatu. Tulifika kwa bwana mmoja wa Ubwari, nikamtajia Anakoroma Mtumbwi Mzima Unasikia. Akaondoa mikono kwenye mashine, akanitazama mimi, akatazama dirishani. Kisha akauliza kama koroma inaandikwa kwa r au kwa l. Tangu siku hiyo nilimletea viazi vitamu.

Madaftari yalichomwa ndani ya pipa, nyuma ya bureau. Sekretere alisimama karibu nalo mpaka likapoa. Niliogopa kwamba asubuhi hatatoka, lakini alikuwa kwenye meza yake mapema, na daftari jipya mbele yake. Ukurasa wake wa kwanza haukuwa na namba moja. Aliendeleza hesabu pale zile zilizochomwa zilipoishia.

Habari zilivuka ziwa taratibu. Mtu aliyerudi kutoka kambini ndiye aliyetusimulia. Walikuwa wameita kwa kipaza sauti Mama Neema, wakainuka akina Mama Neema kila upande wa uwanja. Kisha mwitaji akasoma majina mengine, mara mbili, kwani hakuyaamini. Uwanja ukacheka. Akina Mama Neema wote wakaketi isipokuwa mmoja, ambaye alitembea mpaka mezani akitaka kujua mbele ya watu wote ni nani amemwita hivyo.

Tulisubiri bado. Kutafutwa ni jambo moja na njia kufunguka ni jambo jingine. Barua zilikuja, fupi, zilizoandikwa na watu wengine kwa niaba ya mama, na katika kila moja aliuliza jina la yule aliyemwandika kuwa anasema sana. Vita ikaisha, au ikaacha kuitwa vita, ndipo meli zikaanza kuleta watu Baraka.

Siku ya mama ilipofika nilikuwa kivukoni tangu asubuhi. Sekretere alikuwa amezeeka. Mgongo ulikuwa umepinda, miwani ilifungwa kwa uzi, na meza bado ilikuwa mbali na maji. Hakuna aliyemwomba awepo. Waliorudi walikuwa na watu wao wa kuwaandika, vijana wenye vizibao na mashine ndogo. Yeye aliweka foleni yake mwenyewe baada ya ile ya vijana, na watu, kwa namna nisiyoweza kuieleza, waliipanga. Alikuwa na sharti moja, kwamba hakuna kukumbatiana kabla ya kuandikwa, maana watu wakishakumbatiana hawaandikwi tena, wanakwenda nyumbani. Mimi pia alinizuia. Alinionyesha mahali pa kusimama, nyuma ya kiti chake, na mimi, mwalimu ambaye wanafunzi wake wa zamani sasa ni watu wazima, nikasimama.

Nilimwona mama anashuka kwenye ubao wa meli. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka, na alikuwa anaongea. Aliongea na mtu wa mbele yake na wa nyuma yake kwa zamu, foleni nzima, mpaka akafika mezani. Aliniona. Sekretere akainua mkono wake mmoja kunizuia mimi, na kalamu katika mkono wa pili kumzuia yeye.

Alimuuliza jina. Mama akasema Sekretere analijua, si yeye ndiye aliyemwandika mbele ya dunia kwamba anasema sana. Sekretere akasema, kwa upole, kwamba alikuwa na mashahidi wawili. Alimuuliza anatoka wapi. Jibu la swali hilo lilianzia siku aliyofunga mlango wake kwa kamba, likapita Ubwari, likavuka ziwa, likaeleza kila jirani wa kambi na tabia zake, na Sekretere hakumkatiza hata mara moja. Foleni ilikaa chini. Machozi yalikuwa yananitoka hata siyafuti tena.

Kisha akamuuliza anaenda wapi. Mama alinyamaza. Nilikuwa sijawahi kumsikia akinyamaza, na kwa kitambo niliogopa.

"Kwa mutoto wangu," akasema. "Ni ule anasimama nyuma yako. Iko analia."

Kalamu haikwenda kwenye karatasi. Sekretere alishika ukingo wa meza, akageuza kiti chake polepole, na mgongo ule uliopinda, mpaka akawa ananitazama. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, akanitazama uso wangu wote. Kisha akageuka, akaandika.